Majilio mjini Pearland: Tumaini la mtu anayengoja

Na Mwandishi Wetu, Pearland, Texas

WAKATI maduka makubwa ya mji huu ulio kusini mwa Houston huwa yameshapambwa kwa taa na nyimbo za Krismasi tangu siku inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Wakristo wengi kutoka Afrika Mashariki na Kati wanaoishi hapa huuanza msimu huo kwa namna nyingine kabisa. Wao huanza kwa kungoja.

Kungoja huko kuna jina lake: Majilio. Ni kipindi cha Jumapili nne zinazotangulia Krismasi, na huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wanakifahamu tangu utotoni. Padri au mchungaji huvaa zambarau, na masomo mengi hutoka kwa nabii Isaya na kwenye habari za Yohane Mbatizaji. Wenzetu wa makanisa ya Kipentekoste wengi wao hawakifuati kipindi hiki kwa jina, lakini maneno yake wanayahubiri: Bwana alikuja, Bwana anakuja, Bwana atakuja tena.

Ndugu msomaji, sisi tunaoandika makala hii tunajua kidogo habari za kungoja. Tulitoka Bujumbura mwaka 2015, mwaka ambao vituo vya redio binafsi vilishambuliwa na kuchomwa moto katikati ya mwezi Mei, siku zile za jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Tulidhani tunaondoka kwa wiki mbili. Wengine wetu tulikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Leo tuko katika arobaini na mvi zimeanza. Kwa hiyo tunapoyasikia mahubiri ya Majilio, hatuyasikii kama mtu anayengoja zawadi chini ya mti. Tunajiuliza: je, tumaini hili ni lilelile la kila siku, au ni jingine? Na kama ni jingine, linadumu vipi pale ambapo mengine yote yamekatika?

KILA MTU ANANGOJA KITU

Mtu wa ughaibuni ni mtu wa kungoja. Anangoja makaratasi. Anangoja tarehe ya mahakama ya uhamiaji. Anangoja simu kutoka nyumbani, na ikilia saa tisa za usiku anaiogopa. Anangoja uchaguzi ambao safari hii utabadilisha mambo, kisha unapita, naye anaanza kuhesabu miaka mingine mitano.

Pearland na vitongoji vingine vya Houston vimejaa watu wa namna hiyo. Wapo Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma, wakabaki. Wapo Waganda, Wanyarwanda, Warundi, na Wakongo wa Kivu na Katanga waliopitia kambi za wakimbizi. Wengi wanafanya kazi za hospitali na kutunza wazee, kwani kwa barabara kuu ya 288 si mbali kutoka hapa hadi kituo kikubwa cha tiba cha Houston, Texas Medical Center. Wengine ni madereva, wengine wako kwenye maghala, wale ambao Watanzania waliwapachika jina la wabeba boksi. Wakikutana Jumapili, iwe hapa au kwa wenzao wa Dallas, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

Mji wenyewe una historia inayofaa kusimuliwa wakati wa Majilio. Jina lake lina maana ya nchi ya mapeasi. Mwishoni mwa karne ya 19 waanzilishi wake waliutangaza kama bustani, mahali ambapo matunda yangestawi bila shida, na watu wakaja kupanda. Kisha ikaja tufani kubwa ya Septemba 1900, ileile iliyoua watu wasiopungua 6,000 katika kisiwa cha Galveston, ikaharibu mashamba. Wakapanda tena. Ikaja tufani nyingine mwaka 1915, na baridi kali ya mwaka 1918 ikamalizia miti iliyosalia. Mapeasi yakaisha, jina likabaki. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi zaidi ya 125,000 mahali ambapo bustani ile ilikufa.

Nabii Isaya, katika somo linalosomwa sana Jumapili za Majilio, anazungumzia kisiki cha mti uliokatwa ambacho kinatoa chipukizi. Haandiki kwamba mti haukukatwa. Anaanza na shoka, na hapo ndipo tumaini la Biblia linapotofautiana na maneno matamu tuliyoyazoea. Halimwambii mtu kwamba hakuna kilichoharibika.

"TUFUNGUE MIZIGO?"

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Katika mwaka wa fedha wa 2024 mpango huo ulikuwa umepokea watu zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa jingine lolote, karibu 20,000. Watu waliokwisha kupewa tarehe ya kusafiri waliambiwa safari hazipo. Wiki moja baadaye mji wa Goma ukaangukia mikononi mwa waasi wa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Familia nyingi za hapa Texas zilipata habari hizo mbili katika mwezi mmoja: ndugu zao kambini hawaji, na mji wao wa nyumbani umetekwa.

Mama mmoja mwenye asili ya Fizi, Kivu Kusini, ambaye tuliahidi kutotaja jina lake, alitueleza habari za mdogo wake aliye katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Mdogo huyo alikuwa amemaliza mahojiano yote na vipimo vya afya. Alikuwa ameuza kuku wake, akagawa masufuria, akafunga mabegi. Kisha safari ikafutwa.

"Kwa miezi mitatu waliishi na mabegi yamefungwa," alituambia mama huyo. "Kila akinipigia ananiuliza, dada, tufungue mizigo? Nilikuwa namwambia ngoja kidogo. Mwishowe niliomba sana, nikamwambia: fungueni. Watoto wavae hizo nguo, maana wanakua. Na wewe nunua kuku wengine. Mungu akitaka mje, mtafunga tena."

Tulimuuliza kama kusema hivyo siyo kukata tamaa. Alitikisa kichwa. "Aliyekata tamaa hanunui kuku," alisema.

Jibu hilo lina nguvu kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia, na mizizi yake imo ndani ya Biblia. Wayahudi walipochukuliwa mateka Babeli, walikuwapo manabii waliowaambia kwamba ndani ya muda mfupi tu watarudi nyumbani. Yeremia akawaandikia barua yenye habari nyingine: jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mliohamishiwa, kwa sababu kurudi kutachukua miaka 70. Wengi waliosomewa barua hiyo walijua hesabu hiyo inawapita umri. Hata hivyo barua hiyohiyo ndiyo inayowaahidi wakati ujao wenye matumaini. Yeremia hakuona mgongano kati ya kupanda bustani ugenini na kungoja kurudi. Aliona kwamba anayetumaini kweli ndiye mwenye uwezo wa kufungua mizigo.

TUMAINI LA UONGO LINAUA

Si kila anayetaja tumaini analo la kweli. Katika makanisa ya ughaibuni na ya nyumbani wamo wahubiri wanaouza tumaini kwa bei. Panda mbegu ya dola mia moja utapata viza. Toa mshahara wa mwezi wa kwanza, makaratasi yatatoka kabla ya Krismasi. Yasipotoka, lawama anabebeshwa muumini: imani yako ilikuwa ndogo. Sisi tunawafahamu watu waliokopa ili kupanda mbegu hizo, na mpaka leo wanalipa deni.

Lipo pia tumaini la uongo la namna nyingine, linalomtenga mtu na dunia. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wapelelezi walifukua miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Waendesha mashtaka walidai kuwa wafuasi hao waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani, wakakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama. Kwetu waumini linabaki swali: neno la kungoja kuja kwa Bwana, ambalo ndilo neno la Majilio, liliwezaje kugeuzwa kuwa njaa ya watoto?

Kosa hilo si geni. Katika barua zake kwa Wathesalonike, Mtume Paulo alikutana na watu wanaongoja kurudi kwa Bwana huku baadhi yao wameacha kazi na kuwa mzigo kwa wenzao. Hakuwaambia waache kungoja. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe. Na Yohane Mbatizaji, ambaye ndiye mhubiri mkuu wa Majilio, alipoulizwa na umati wafanye nini, jibu lake lilikuwa la kawaida mno: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Askari aliwaambia wasimnyang'anye mtu. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango.

Tukisikia habari za ushuru, sisi wa Maziwa Makuu tunamkumbuka Floribert Bwana Chui wa Goma. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa mtumishi wa idara ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa zinazoingia mpakani, na pia mwanajumuiya ya Sant'Egidio aliyewasaidia watoto wa mitaani. Alikataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika, kwa sababu kingeliwa na watu wake. Aliuawa mwezi Julai 2007. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Huyo alingoja ufalme wa Mungu akiwa kazini kwake, mbele ya magunia, na hakuhitaji kwenda msituni kuutafuta.

BAKHITA NA BAHATI

Tarehe 30 Novemba 2007, siku mbili kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio ya mwaka ule, Papa Benedikto XVI alitia saini waraka wake juu ya tumaini, unaoitwa Spe Salvi. Alipotaka kueleza tumaini la Kikristo ni nini, mfano aliouweka mwanzoni ulikuwa wa mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa, Josephine Bakhita.

Bakhita alizaliwa Darfur, Sudan, karibu na mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, akauzwa sokoni mara kadhaa, akasahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Hilo la Bakhita alipewa na waliomteka, nalo kwa Kiarabu lina maana ya mwenye bahati. Neno letu la Kiswahili, bahati, lina asili hiyohiyo. Ilikuwa dhihaka. Kwa amri ya bibi mmoja aliyemmiliki, alichanjwa kwa wembe na majeraha yakatiwa chumvi, akabaki na makovu 144 mwilini. Mwaka 1882 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, na mwaka 1885 akapelekwa Italia, ambako alifanywa yaya wa mtoto wa familia nyingine.

Mjini Venice alikabidhiwa kwa muda kwa masista Wakanosa, na huko akafundishwa imani. Bibi yake aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kuondoka. Kesi ikafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Tumetazama kalenda: siku ile ilikuwa Ijumaa, na Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya Majilio. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890. Baadaye akawa sista, akaishi miaka mingi katika mji mdogo wa Schio, ambako kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa ya kufungua mlango. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu.

Anachokisisitiza Papa katika waraka ule ni kwamba kwa Bakhita tumaini halikuanza mahakamani. Kabla ya hapo, tumaini lake kubwa lilikuwa kupata mabwana wasio wakali sana. Kisha alisikia habari za Bwana aliye juu ya mabwana wote, ambaye naye alichapwa viboko, na ambaye anamjua na kumpenda. Kuanzia hapo alijua kuna anayemngoja mwisho wa safari, lolote litakalompata njiani. Hukumu ilimkuta tayari anaweza kusema hapana. Kwa lugha nyepesi, sheria ilimpa uhuru mtu ambaye tumaini lilikuwa limeshamnyoosha mgongo.

MKESHA WA KRISMASI WA 2020

Sisi tuliotoka kwenye vyumba vya habari tuna kisa chetu cha Majilio. Tarehe 22 Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu la Burundi, Agnès Ndirubusa, Christine Kamikazi, Egide Harerimana na Térence Mpozenzi, walikamatwa pamoja na dereva wao walipokwenda mkoani Bubanza kufuatilia habari za mapigano kati ya askari na waasi. Dereva hatimaye aliachiwa huru. Wanne hao walihukumiwa tarehe 30 Januari 2020 kifungo cha miaka miwili na nusu. Rufaa yao ilikataliwa mwezi Juni mwaka huo. Hesabu ilionyesha kwamba wangekula Krismasi nyingine gerezani, na pengine ya tatu.

Tarehe 24 Desemba 2020, mkesha wa Krismasi, walitoka kwa msamaha wa Rais Évariste Ndayishimiye. Waandishi wa Burundi waliotawanyika duniani walipigiana simu usiku ule, wengine wakilia. Tulijiambia kwamba hayo ndiyo maana ya Majilio: mlango wa gereza kufunguliwa siku ya mwisho kabisa ya kungoja.

Lakini gazeti hilohilo lina mwandishi mwingine, Jean Bigirimana. Tarehe 22 Julai 2016 aliondoka nyumbani kwake Bujumbura baada ya kupigiwa simu, na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata miili miwili ilipatikana katika mto Mubarazi, lakini mke wake alisema hakumtambua mumewe. Mwaka baada ya mwaka wenzake wa Iwacu wameendelea kuikumbuka tarehe hiyo na kuuliza Jean yuko wapi. Kwake mkesha wa Krismasi wa 2020 haukufungua mlango wowote.

Mtu akihubiri juu ya wale wanne na kumnyamazia Jean, anahubiri nusu ya habari. Tumaini linalotegemea milango kufunguka lingekuwa la watu wanne tu, na mjane asiyejua kama ni mjane angeachwa nje. Kama imani ya Kikristo ina tumaini linalodumu, ni lazima liwe na neno la kumwambia na yeye.

SWALI LA YOHANE

Katika mwaka A wa kalenda ya masomo, Jumapili ya tatu ya Majilio husomwa Injili ya Yohane Mbatizaji akiwa gerezani. Yule aliyepiga kelele jangwani bila woga sasa anatuma wanafunzi kumuuliza Yesu kama kweli yeye ndiye aliyengojewa, au wamngoje mwingine. Yesu hakumkemea kwa kuuliza, na hakumwambia imani yake ni ndogo. Aliwaambia wale wajumbe wamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa Habari Njema. Hakusema kwamba gereza litafunguliwa. Halikufunguliwa. Yohane alikatwa kichwa.

Mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer, aliyefungwa na utawala wa Hitler mjini Berlin mwaka 1943, aliandika kutoka gereza la Tegel kwamba maisha ya mfungwa yanafanana sana na Majilio. Mtu anangoja, anafanya hili na lile, na mlango umefungwa kiasi kwamba ni wa nje tu anayeweza kuufungua. Mwaka uliofuata, katika gereza hilohilo, padri Mjesuiti Alfred Delp aliandika tafakari za Majilio huku mikono yake ikiwa na pingu. Wote wawili waliuawa mwaka 1945, Delp mwezi Februari na Bonhoeffer mwezi Aprili. Wala mmoja wao hakuona mlango wa Tegel ukifunguliwa kumwacha aende kwao.

Basi walitumaini nini? Jinsi tunavyoelewa sisi, walitumaini kwamba aliye nje amekwisha kuingia ndani. Mtoto ambaye Wakristo wanamngoja katika Majilio alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wameitwa kuandikishwa na dola ya kigeni. Akakimbiziwa Misri usiku kwa sababu mfalme alitaka kumuua. Akakamatwa, akahukumiwa kwa ushahidi wa uongo, akauawa. Wakristo wanaamini kaburi halikumzuia, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepotea ambaye Mungu hajui alipo. Haya ni mambo ya imani. Hatuwezi kuyathibitisha kama tunavyothibitisha habari. Lakini ni tumaini ambalo mke wa mtu aliyetoweka anaweza kulishika bila mtu kumdanganya. Haliahidi kwamba Jean atagonga mlango Desemba hii. Linasema hajasahaulika, na kwamba ukweli juu yake utasemwa siku moja, hata kama si katika mahakama za dunia hii.

Na tumaini hilo halimwondolei mtu kudai haki. Wanaouliza kila Julai Jean yuko wapi wanafanya tendo la kutumaini. Angekuwa ni wa kusahaulika, wangeshanyamaza.

MISHUMAA YA HAMBURG

Waumini wengi hapa Texas wanawasha mishumaa minne ya Majilio katika shada la majani mabichi, mmoja kila Jumapili. Ni wachache wanaojua desturi hiyo ilianzia wapi. Mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na kituo cha watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo ya siku za kazi, na kila siku wakawasha mmoja zaidi. Gurudumu halikuifanya Krismasi ije upesi. Liliwapa watoto njia ya kungoja pamoja, na kila jioni chumba kilikuwa na mwanga kidogo kuliko jana yake hakikuwa nao.

Jumuiya ndogo ndogo zinafanya jambo linalofanana na hilo. Waafrika Mashariki wamekuja nazo hadi huku. Siku tisa kabla ya Krismasi wanasali novena, leo nyumba hii, kesho ile. Anayetoka zamu ya usiku anakuja na macho mekundu, analetewa chai. Baada ya sala kinapitishwa kikapu: ada ya mtoto aliye Kasulu, matibabu ya mzee aliye Bukavu, wakili wa kijana ambaye kesi yake ya uhamiaji imekaribia. Mwezi Februari 2021, dhoruba ya baridi ilipokata umeme katika nyumba na biashara zaidi ya milioni nne za Texas, na watu zaidi ya 200 wakafa kwa hesabu ya jimbo lenyewe, wengi walijifunza kwa nini ni vizuri kujua mlango wa jirani kabla ya shida. Mwenye jiko la gesi alipikia wasio nalo.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Ni kweli, lakini subira ya Majilio haikai kitako ikingoja heri ije yenyewe. Inafungua mizigo na kununua kuku. Inakataa rushwa mpakani, na inaliuliza jina la aliyetoweka mwaka wa kumi kama ilivyoliuliza mwaka wa kwanza.

Tunapendekeza, basi, ndugu msomaji, iwe uko Pearland, Dar es Salaam, Uvira au Muscat, na iwe unasali kanisani au la: katika majuma hayo manne mtafute mtu mmoja anayengoja kitu ambacho huenda kisije. Usimwambie kitakuja, kwani hujui. Usimwambie asahau, kwani hawezi. Mpigie simu, mtaje kwa jina yule anayemngoja, kaa naye kidogo. Kisha juma linalofuata umpigie tena.

Tunawatakia Majilio mema, ninyi mlio nyumbani na ninyi mlio ughaibuni.